Chini ya Kikwembe cha Georgette

Nundu, Jumapili, tarehe 12 mwezi wa nane, 1956

Kwa Mama yangu mpendwa Suzanne, huko Fizi,

Mama, pokea salamu zangu kabla hujaketi, maana najua ukisikia barua imefika unaketi kwa haraka na mguu unakuuma. Keti polepole, barua haikimbii. Mguu huo unaendeleaje? Baridi ya huko milimani imepungua, au bado unalala karibu mno na moto? Sisi huku Nundu tu wazima. Casimir mume wangu ni mzima, anachonga mtumbwi wa mtu mmoja asiyejua anachotaka, leo auone mrefu, kesho auone mfupi. Ziwa limetulia. Samaki ndagala ni wengi mpaka paka wa jirani wanachagua. Tunakuombea kila jioni, na mimi mwenyewe huchelewa kulala kwa kukuwaza.

Nawe Isidore, katekista wetu, unayemsomea Mama barua hii, nakusalimu kwa heshima. Nakumbuka unavyosoma kanisani, kama mtu anayekimbia mvua. Barua hii usiisome hivyo. Na pale nitakapokuomba ushushe sauti, uishushe kweli, maana nyumba ya Mama ni ya matete na majirani zake wana masikio mazuri.

Mama, najua unachongoja. Unangoja harusi ya Georgette kule Baraka, mwanao wa mwisho niliyekaa naye hapa kwangu, harusi ambayo mguu ulikunyima kuiona. Nitakueleza yote. Lakini umesikia mengine tayari, kwa sababu lori la pamba lilipanda huko Fizi kabla ya barua yangu, na lori halibebi pamba peke yake. Basi ulichokisikia kiweke kando kidogo. Mimi nilikuwapo.

Ulinitumia neno kabla ya harusi, na yule aliyelileta alilisema kama ulivyolisema wewe, hata uso aliukunja kama wako: “Ule mutoto asifike Baraka.” Nilijua ni Fina wangu. Hukumtaja jina, ila nilijua. Hapa nyumbani jina lake Adolphine hatulitumii, ni Fina tu. Umri wake sasa ungekuwa wa kuchota maji na kubeba mdogo mgongoni, lakini Fina hasemi, anatembea kwa ncha za vidole, na sauti kubwa inamwingia kama moto. Ngoma ikilia anaziba masikio, anapiga kelele mpaka anapoteza pumzi. Dawa yake ni moja. Namfunika na kikwembe changu cha kujitanda, kichwa na mwili, naye huko gizani anatulia, baada ya muda analala. Na akitaka kukusalimu hatoi mkono. Anakuja taratibu, anaegemeza paji la uso wake juu ya paji lako, anakaa hapo akipumua. Basi, amekusalimu.

Wala sikukukasirikia kwa neno lile, Mama. Nilijua unaogopa nini. Bibi arusi wetu akishatoka kanisani anafunikwa, hasemi tena, haamki mkekani mpaka mama mkwe atoe zawadi ya kumpendeza na kumfunua. Akifunuliwa anapakatishwa mtoto, na mtoto wa kwanza kukaa magotini mwake watu wanamtazama sana, maana wanasema atakaowazaa watafanana na huyo. Ndiyo maana wakwe huchagua mtoto mnene, mwenye meno yote, asiyelia ovyo. Wewe uliogopa Fina asije kukaribia magoti ya Georgette. Uliogopa pia Mama Émilienne, mama yake Eugène bwana arusi, ambaye wote tunamjua. Yule mama aliwahi kuwarudisha watu wa posa ya binti yake kwa sababu babu yao alikuwa na kigugumizi. Kama angemwona Fina, ulifikiri, Georgette angerudi na kikapu chake siku ileile.

Nami nilikuwa nimekubali. Nilipanga Fina abaki na Zainabu, mke wa Lukmani muuza samaki, ambaye Fina amemzoea na hulala kwenye baraza lake. Zainabu alikuja kabla hakujapambazuka, na uji wa mtoto mkononi. Tukamtafuta Fina ndani, hayupo. Tukamkuta mtumbwini. Amejilaza kati ya vikapu vya unga, karibu na pale Georgette atakapokaa, macho wazi, anatazama juu. Nani alimwambia kuna safari sijui. Zainabu alininyooshea mikono nimpatie mtoto. Baba mdogo Bonaventure, aliyekuja kutuongoza badala ya Baba marehemu, alikuwa ameshakohoa mara kadhaa, kile kikohozi chake cha kusema tunachelewa. Mimi nikamtazama Fina, nikamtazama Zainabu, nikaingia mtumbwini nikakaa. Sina la kujitetea zaidi ya hilo. Baba mdogo alisema basi mtoto atabaki jikoni, asitoke, nikaitika.

Mama, ungeliona ziwa asubuhi ile. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona pwani wala milima, tulisikia makasia tu na maji yakiteleza chini yetu. Wapiga makasia waliimba kwa sauti ya chini, nadhani nao walikuwa nusu usingizini. Georgette aliweka mkono wake majini, Fina naye akaweka wake, na mikono yao ikawa inavuta mistari miwili nyuma ya mtumbwi. Kwa muda nilifikiri hatuendi popote, kwamba tutabaki ndani ya ukungu ule mweupe, bila wakwe, bila mkeka, bila mtu wa kuuliza mtoto huyu ana nini. Nilitamani iwe hivyo. Jua lilipopanda tukaiona Mboko, tukapumzika na kula, na safari ikaendelea mpaka jioni, rasi ya Ubwari ikiwa ng'ambo, ya bluu, kama imelala juu ya maji.

Baraka ilikuwa imejaa pamba. Ndio msimu wenyewe, na Eugène anafanya kazi ghalani huko. Malori yalikuwa yakishusha magunia, na upepo ukitoka ziwani ulichukua nyuzi nyeupe ukazitawanya mji mzima, kwenye mapaa, kwenye nywele za watu, juu ya masufuria. Fina alisimama katikati ya njia akiinua uso, na pamba ikimshukia kwenye kope. Alicheka. Unajua kicheko chake ni adimu, na kinatoka tumboni. Watu waligeuka, nami nikamvuta haraka, nikamfunika na kikwembe changu kama anayebeba samaki wa wizi. Najionea haya nikikumbuka.

Jumamosi ya tarehe nne, asubuhi, ikawa misa. Georgette alisema ndiyo yake kwa sauti ya kusikika, wala hakulia, na Eugène alisema ya kwake mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikwama kooni. Hayo uyafurahie, Mama, yalikuwa mazuri. Mimi sikuyaona kwa macho, niliyasikia kutoka nje, nimekaa na Fina kivulini mwa ukuta wa kanisa. Walipotoka, wamama wakamfunika Georgette na kikwembe kikubwa chekundu, kile ulichomtumia wewe, na kuanzia hapo akawa bubu kama desturi inavyotaka. Tukaenda naye nyumbani kwa Mama Émilienne, akaketishwa kwenye mkeka sebuleni, mgongo ukutani, na kikwembe kikamfunika mpaka chini, hata miguu haikuonekana. Alionekana kama kichuguu chekundu. Wanawake wakatoka kwenda kuandaa chakula, na mimi nikapelekwa jikoni, nyuma, pamoja na Fina wangu, kama tulivyoahidiana na Baba mdogo.

Ngoma zilianza bila kunipa nafasi. Nilikuwa nimeshika mwiko wa bugali kwa mikono yote miwili, sufuria kubwa, huwezi kuiacha. Nikasikia Fina akipiga kelele moja, ndefu, kisha kimya. Nilipogeuka hayupo. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Mama, nilitafuta nyuma ya kuni, nilitafuta kwa jirani, kwenye banda la mbuzi, chini ya kitanda cha watu nisiowajua. Kisha nikakumbuka kwamba ziwa liko karibu na Fina anapenda maji. Nilikimbia mpaka ufukweni na unga mikononi. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaniambia hakuna mtoto aliyepita. Niliwauliza tena, wakaniambia tena. Maji yalikuwa yametulia, pamba ikielea juu yake, na mimi nikasimama pale nikiliita jina la mtoto ambaye haitiki.

Sasa nikuambie yaliyokuwa yakitendeka sebuleni wakati ule, kama nilivyosimuliwa na nilivyoyakuta mwenyewe niliporudi nikihema. Mama Émilienne alikuwa ameingia na watu wake kumwamsha bibi arusi. Aliweka mbele ya mkeka kikwembe kipya, kizuri, akasema maneno ya kumkaribisha. Georgette hakutikisika. Watu wakafurahi, wakasema binti huyu amelelewa, anajua thamani yake. Mama Émilienne akaongeza sufuria yenye kifuniko. Georgette, kimya. Akaongeza jembe, na lingine. Kichuguu chekundu hakikusogea hata kidogo. Watu wa upande wetu walianza kutazamana, maana bibi arusi anatakiwa kugoma kidogo tu kwa heshima, siyo kugoma kama mtu aliyekufa. Baba mdogo alikohoa. Mama Émilienne, ambaye hawezi kushindwa mbele ya majirani zake, akageuka akaagiza mbuzi. Mbuzi akaletwa sebuleni akivutwa kwa kamba, akaanza kula ukingo wa mkeka, na Georgette bado hajaamka.

Mama, kumbe wote walikosea, hata sisi watu wake. Hakuwa anataka zaidi. Hakuwa hata anaziangalia zawadi zile.

Mimi nilifika mlangoni wakati Mama Émilienne, uso umeshafura, anaita wapiga ngoma waingie ndani, wapige karibu na masikio ya bibi arusi mpaka aamke. Wakaingia. Yule wa kwanza akainua mkono. Na hapo, kutoka ndani ya kikwembe, sauti ya Georgette ikatoka, ya chini, siyo ya hasira, sauti ile ya mtu anayeongea usiku ndani ya nyumba ya watu waliolala: “Munyamazishe ngoma. Mutoto iko analala.”

Sebule nzima ikawa kama imemwagiwa maji. Bibi arusi alikuwa amesema. Kabla ya kufunuliwa, mbele ya wakwe, tena kwa kutoa amri. Hilo peke yake lingetosha kutuaibisha kwa mwaka mzima. Lakini Mama Émilienne alikuwa ameshainama, akashika ukingo wa kikwembe chako chekundu, akakifunua.

Fina alikuwa magotini mwa Georgette. Amejikunja, kidole kimoja mdomoni, mate yamelowesha gauni la harusi, na nyuzi za pamba bado ziko kwenye nywele zake. Alilala usingizi wa mtu aliyefika. Georgette alikuwa amemshika kwa mikono miwili, na jasho lilikuwa likimtiririka usoni, maana joto la chini ya kikwembe kile si mchezo, naye alikuwa amekaa hivyo wakati wote bila kubadilisha mguu.

Nilifurahi, Mama. Nisikudanganye, kitu cha kwanza nilichokihisi ni furaha, kwa sababu mtoto wangu hakuwa majini. Baadaye ndipo nikaona nyuso za watu. Mama mmoja mzee wa upande wa Eugène aliweka mkono kinywani. Mwingine alihesabu kwa sauti kwamba huyo ndiye wa kwanza kukaa magotini. Na pembeni alikuwepo Henri, mjukuu wa Mama Émilienne, yule mtoto waliyemwandaa, mnene, ameogeshwa, amepakwa mafuta mpaka anang'aa, anangoja zamu yake.

Mama Émilienne akauliza mtoto huyu ni wa nani. Hakupaza sauti. Baba mdogo Bonaventure akawahi kujibu, na simlaumu sana, alikuwa anajaribu kuiokoa harusi. “Iko mutoto wa jirani,” akasema, “alipotea tu.” Akanitazama, na macho yake yaliniambia nirudi jikoni.

Kulikuwa na njia, Mama. Ningerudi jikoni. Wangemtoa Fina, wangemweka Henri, na watu wangekubali kwamba mtoto aliyepotea njia hahesabiwi. Georgette angebaki salama. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na nilijua pia kwamba hata wewe ungetaka hivyo. Lakini Fina alianza kuamka. Unajua anavyoamka, hafungui macho kwanza, ananyoosha mkono kutafuta uso wa mtu. Mkono wake ukawa unatafuta hewani, na nikawaza, mkono huu ukinitafuta na mimi nipo hapa nimenyamaza, basi mimi ni nani.

Nikapita katikati yao na unga wangu mikononi. Nikasema, “Hapana, Baba mudogo. Iko mutoto yangu. Ni mi nilimuzala.” Nikapiga magoti mkekani, nikampa paji langu la uso, naye akaegemeza lake, tukakaa hivyo. Nilikuwa nalia, sikuona tena watu. Nilisikia mbuzi tu akitafuna mkeka.

Nilingoja kufukuzwa. Nilimwona Mama Émilienne anatazama vitu vyake pale chini, kikwembe, sufuria, majembe, mbuzi, vyote alivyovitoa mwenyewe mbele ya watu wote wa mtaa wake. Zawadi ya mkekani hairudishwi, unajua, anayeirudisha wanamsema mpaka watoto. Nadhani alifikiri hilo. Simpi sifa asizostahili. Lakini nadhani pia alimwona Georgette, ambaye hakuwa amemsukuma Fina wala kuinamisha kichwa, anamtazama mama mkwe wake machoni, na jasho lake.

Basi akasema, “Mbuzi nilishamutoa. Hawezi kurudi.” Akamnyakua Henri kwa mkono mmoja, kama anavyonyakua kuku, akamketisha kwenye goti la pili la Georgette. “Bibi arusi iko na magoti mbili,” akawaambia watu. “Kama kuko mwenye anaona tatu, aseme.”

Halafu mtu akacheka huko nyuma, na mwingine, na Eugène akacheka kwa nguvu kuliko wote, maskini, alikuwa ameshika pumzi tangu mwanzo. Henri akamtazama Fina, akamgusa pamba kwenye nywele. Yule mama mzee aliyeweka mkono kinywani akaondoka, hakurudi, hata kula hakula. Na ngoma, Mama, wakazipeleka mbali, karibu na ufuko, ambako sauti yake ilitufikia ikiwa laini, na Fina akakaa mlangoni jioni nzima akitikisa kichwa taratibu. Watu walicheza huko na huku pamba inaanguka. Nilikuwa nimechoka, nikawa siamini kama niko macho.

Usifikiri Mama Émilienne amekuwa malaika. Tulipokuwa tukiosha vyombo alikuja akasimama juu yangu, akasema, “Mi nilikasirika, na kesho nitakasirika tena.” Kisha akauliza, “Anakulaka samaki na mifupa?” Nikasema hapana, lazima nimtolee mifupa. Akaondoka, akarudi na kipande cha samaki kuhe kwenye sahani, ameshakitoa mifupa yote kwa vidole vyake, akakiweka chini bila kunitazama.

Sasa Isidore, shusha sauti. Shusha zaidi.

Mama, asubuhi ya kuondoka nilimwomba Georgette msamaha. Nilimwambia kwamba nilimwacha Fina anitoroke mpaka akaingia chini ya kikwembe chake akamharibia siku. Georgette akanicheka. Aliniambia Fina hakuingia mwenyewe. Fina alikuja sebuleni ameziba masikio, akasimama katikati hajui pa kwenda, na nyumba ilikuwa tupu. Georgette alimwona kwa uwazi wa chini ya kitambaa, aliona vile vidole vya miguu. Naye akainua ukingo wa kikwembe, akamwita kwa mkono. Alijua desturi, anaijua kuliko mimi. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa sana, lakini amelala kitanda kimoja na Fina tangu Baba alipofariki akaja kwangu, na kama watoto wake watafanana na Fina, anajua tayari jinsi ya kuwalaza. Alilisema hivyo tu, huku anafunga kikapu.

Hilo ni la Georgette. Langu ni hili, na sijamwambia mtu isipokuwa Casimir.

Nina mimba, Mama. Tangu kabla ya pamba kuanza kuchumwa. Nimekuwa nikiificha chini ya vikwembe viwili, na ulipotuma neno lako kuhusu Fina, nilikuwa tayari ninayo. Nilikuwa naamka usiku nikishika tumbo na kumwomba Mungu, asiwe kama yule, asiwe kama yule, na yule amelala pale pembeni yangu anapumua. Ni maombi gani hayo ya kusema karibu na mtoto? Ila niliyasema kila usiku. Niliogopa utakachosema wewe. Niliogopa utasema tumbo langu limeharibika, kwa sababu ulisema hivyo zamani, Fina alipokuwa hajatembea, ukadhani sikusikia.

Tuliporudi kutoka Baraka, ukungu ulikuwa umeshuka tena juu ya ziwa. Nafasi ya Georgette mtumbwini ilikuwa wazi, na Fina aliigusagusa, akaielewa kwa namna yake, akaja kulala magotini mwangu. Huyu wa tumboni akacheza, mara ya kwanza, papo hapo chini ya kichwa cha dada yake. Fina akainua kichwa, akatazama. Kisha, Mama, akainama akaegemeza paji la uso wake juu ya tumbo langu, akakaa hapo mpaka tukaiona Mboko. Sijaomba tena yale maombi. Bado naogopa, naogopa kila siku, lakini ninachoomba sasa ni kwamba huyu akija, awe vyovyote, apate goti.

Isidore, sasa waweza kusema kwa sauti yako ya kawaida, na ahsante.

Mama, wasalimie wote huko. Salamu kwa wamama wa chama chako, na mwambie fundi akurekebishie mlango kabla mvua hazijaanza. Georgette na Eugène wanasema watapanda kukuona pamba ikiisha, na Mama Émilienne anakutumia unga na chumvi, vitakuja na lori. Casimir anakusalimu, Zainabu na Lukmani pia. Nami ukinikubalia nitapanda kuja kujifungulia kwako, kama nilivyofanya kwa Fina. Tutakuja sote wawili, mimi naye. Simwachi nyuma tena.

Fina naye anakusalimu. Isidore, geuza ukurasa wa mwisho, chini kabisa, utaona doa la mafuta ya mawese. Usidhani nilichafua karatasi. Nilimpaka mafuta Fina baada ya kuoga, akaniona naandika, nikamwambia naandika kwa bibi yake. Akatazama karatasi muda mrefu, kisha akainama, akaegemeza paji lake la uso hapo. Alikaa hapo akipumua.

Mama, alipokuwa mdogo alikujia hivyo mara moja, nawe ukarudisha kichwa nyuma. Sasa mko mbali, na ni karatasi tu. Isidore, mpe barua mikononi, umwonyeshe ni wapi, kisha utoke nje kidogo.

Ni mimi mwanao,
Pulchérie